Deni Lisiishi Kuliko Betri

(Mada iliyotolewa kwenye darasa la vijana, Lushoto. Imenyooshwa kidogo ili isomeke, lakini maneno ni yaleyale.)

Naona waliotoka Mtae na Sunga wameshaamka vizuri, maana wao walianza safari usiku. Waliolala hapa hapa mjini ndio bado wanapiga miayo.

Kwenye ratiba mada yangu imeandikwa "Haki za Mlaji". Ni mada kubwa mno kwa saa moja, kwa hiyo nimeikata nikabaki na kipande kimoja tu: betri. Betri za kuchaji. Ile iliyomo ndani ya taa ya sola, ndani ya tochi, ndani ya redio, ndani ya lile boksi la sola linalowasha taa nne na kuchaji simu. Nataka tuulizane inaishi muda gani, na ikifa kabla deni halijaisha, nani anabeba hasara.

Najua kuna mtu anajisemea moyoni, jamani, sisi tuna ajenda ya Katiba Mpya, tuna ajenda ya tume huru, huyu binti anatuletea habari za betri. Nakuelewa. Lakini nenda kitongoji chochote upande wa Mlola au Rangwi ambako nguzo haijafika, kaa na watu jioni. Hakuna atakayekuuliza ibara ya ngapi inasema nini. Watakuonyesha boksi la sola lililokaa ukutani halifanyi kazi, halafu watakuonyesha ujumbe kwenye simu unaowakumbusha kulipa. Hapo ndipo siasa ilipo. Ukishindwa kuongea na huyo mama kuhusu boksi lake, usitegemee akusikilize ukifika kwenye tume huru.

Tuanze na kwa nini sola imekuwa nyingi hivi huku kwetu. Serikali inasema bei ya kuunganishiwa umeme kijijini ni shilingi 27,000, na ni kweli, bei ndiyo hiyo. Tatizo halijawahi kuwa hiyo 27,000. Tatizo ni neno "kijiji". Ripoti ikisema kijiji kimefikiwa na umeme, maana yake nguzo zimefika senta: shuleni, zahanati, dukani. Sasa mnaijua milima yetu. Kijiji kimoja kina vitongoji vilivyotawanyika kwenye miteremko, kimoja huku, kingine ng'ambo ya bonde, na kutoka huku kwenda kule ni kushuka mpaka mtoni na kupanda tena. Senta taa zinawaka, ng'ambo watu wanaziangalia kama wanavyoangalia nyota. Kwenye karatasi wote wameshahesabiwa.

Basi watu wakajinunulia sola. Na mimi sitasimama hapa kuisema vibaya sola. Aliyesomea kibatari anajua moshi wake, anajua pua inavyokuwa nyeusi asubuhi. Taa ya sola ni ukombozi. Ndiyo maana inauma inapogeuka mtego.

Sasa tuingie kwenye betri yenyewe. Mimi si fundi, nasoma sheria, lakini hesabu zake si ngumu na mtu yeyote akiambiwa anazielewa. Shida ni kwamba hatuambiwi.

Betri ya kuchaji haihesabu miaka, inahesabu mizunguko. Kujaa na kuisha, huo ni mzunguko mmoja. Ukiitumia nusu leo na nusu kesho, ukachaji, hiyo nayo ni sawa na mmoja. Na kila aina ya betri ina idadi yake ya mizunguko kabla haijachoka. Kuchoka maana yake si kuzimika ghafla. Kwa kawaida watengenezaji wanahesabu betri imechoka ikibaki na asilimia 80 ya uwezo wake wa mwanzo. Inaendelea kufanya kazi, lakini taa iliyokuwa inafika alfajiri sasa inazimika saa sita usiku, baadaye saa nne, baadaye unawasha tu unaona jina la kampuni linamulika kisha giza.

Betri nyingi za lithiamu za kawaida, zile zenye maandishi ya volti 3.7, zinakwenda mizunguko kama 300 hadi 500. Haya, tupige hesabu. Taa ya sola inatumika kila usiku. Ikiisha yote kila usiku, mwaka mmoja ni mizunguko 365. Kwa hiyo betri ya mizunguko 300 imeshachoka kabla ya mwaka kuisha, na ile ya 500 haifiki mwaka na nusu. Si kwamba mtumiaji amekosea, wala si mambo ya jicho baya. Ni hesabu, na aliyeitengeneza aliijua tangu siku ya kwanza.

Lakini kuna lithiamu nyingine, yenye chuma na fosfeti ndani yake. Hiyo inakwenda mizunguko 2,000 na zaidi. Kwa matumizi yaleyale ya kila usiku hiyo ni zaidi ya miaka mitano. Utaitambuaje? Angalia maandishi ya volti. Ikiwa ni 3.2 kwa seli moja, ni hiyo ya muda mrefu. Ikiwa 3.6 au 3.7, ni ile ya kawaida. Boksi lenye seli nne za aina ya 3.2 litaandikwa 12.8. Hiyo namba ndogo pembeni ya betri ina maana kuliko picha zote za familia inayocheka zilizochapwa kwenye boksi.

Halafu kuna betri za risasi na asidi, zile nzito. Ndogo zilizofungwa, ukizimaliza kabisa kila usiku, zinakufa baada ya mizunguko mia chache. Ukizitumia nusu tu na kuzijaza, zinaishi karibu mara mbili ya hapo. Kitu kinachoziua haraka kuliko vyote ni kukaa bila kujazwa, kwa sababu salfeti inagandana kwenye sahani za risasi na haitoki tena. Hapo wenzangu wa huku juu mnielewe vizuri. Masika, na tena kuanzia Juni mpaka Agosti, ukungu unaweza kukaa tangu asubuhi mpaka mchana. Nyumba iliyo bondeni jua linaifikia limechelewa na linaondoka mapema kwa sababu ya mlima. Paneli haijazi betri, usiku mnaiminya mpaka mwisho, kesho ukungu tena. Betri ya risasi ikipita wiki kadhaa za namna hiyo imekwisha. Lithiamu yenyewe haina shida na kujazwa nusu, tena inapenda.

Kwa hiyo muuzaji anayekuletea Magamba kifaa kilekile chenye betri ya risasi alichokiuza Mombo kwenye jua, na kwa ahadi ileile ya saa za mwanga, hajakwambia ukweli wote.

Ila tusilalamike tu, baridi yetu pia ina faida. Joto ni adui wa betri. Kwa betri ya risasi mafundi wana kanuni kwamba kila joto likiongezeka kwa nyuzi kumi, umri unapungua karibu nusu. Lithiamu nayo inazeeka haraka kwenye joto, hasa ikiwa imejaa. Sisi tuko mita 1,400 hivi juu ya bahari, wenzetu wa Mombo wako chini kwenye joto, na kati yetu ni kilomita 33 tu za barabara. Betri hiyohiyo, ukiitunza ndani kivulini hapa Lushoto, itaishi kuliko ikiwa Mombo juu ya bati. Wale wenye taa ndogo ambazo paneli na betri viko pamoja, mnaianika taa juani siku nzima, betri inapikwa. Kama waya unaruhusu, paneli iwe nje, betri iwe ndani.

Nisisahau hizi betri za duara zinazouzwa moja moja. Inaitwa 18650, kwa sababu ina upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Ndiyo iko kwenye tochi, kwenye pawa benki, kwenye laptop za zamani, na hata kwenye zile sigara za kielektroniki ambazo vijana wa mjini wanavuta sasa hivi. Seli ileile, na inachoka kwa sheria zilezile. Sasa nenda gulioni uangalie zilivyoandikwa. Utakuta imeandikwa 9900 mAh. Makamanda, seli ya ukubwa huo kutoka kwa mtengenezaji bora kabisa inabeba kama 3,500, ukiisukuma sana inakaribia 4,000. Hakuna seli ya 18650 yenye 9,900. Haipo! Ni kama mtu akuuzie debe la viazi akwambie ndani yake kuna gunia. Na nyingine zimetolewa kwenye laptop zilizokufa, zikavalishwa nailoni mpya ya rangi nzuri.

Hapo ndipo nafika kwenye sheria, na nitakwenda taratibu.

Watu wengi wanaamini ukishatoa hela na kutoka dukani, basi, umeisha. Yale maandishi ya "mali ikishauzwa hairudishwi" tumeyaona mpaka tumeyaamini. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, haisemi hivyo. Sheria hiyo inaingiza ndani ya mauziano masharti ambayo hata kama hamkuyataja, yapo. Ukinunua kitu kwa maelezo, lazima kifanane na maelezo. Seli iliyoandikwa 9900 yenye uwezo wa 1,200 haifanani na maelezo. Na ukimweleza muuzaji anayefanya biashara hiyo kwamba unataka kitu kwa kazi fulani, ukategemea ujuzi wake, lazima kifae kwa kazi hiyo. Ukisema "naishi Shume, kuna ukungu, nataka taa ya watoto kusomea mpaka saa nne", umeshamweka kwenye sheria. Kwa hiyo sema, na ukiweza sema mbele ya shahidi.

Ya pili ni Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003. Hii ndiyo iliyounda Tume ya Ushindani, ile mnayosikia inaitwa FCC. Inakataza mfanyabiashara kufanya jambo lolote linalopotosha au linaloelekea kupotosha. Angalieni hilo neno "linaloelekea". Si lazima uthibitishe kwamba alikusudia kukudanganya. Tena ina sehemu nzima kuhusu masharti ambayo yamo ndani ya mkataba wa mlaji hata kama hayakuandikwa, ikiwemo ubora wa bidhaa.

Halafu kuna Shirika la Viwango, TBS, lenye Sheria ya Viwango ya mwaka 2009. Kazi yake ni kuzuia bidhaa mbovu zisifike sokoni. Ukitaka kujua kazi hiyo inafikaje kwenye magulio yetu, ukitoka hapa pita sokoni uhesabu seli za 9900. Mimi sihitaji ripoti ya mkaguzi kwa hilo.

Sasa tuje kwenye mkopo wa sola. Huu ndio unaoumiza watu zaidi.

Utaratibu mnaujua. Unalipa kianzio, unapewa boksi, paneli, taa, pengine na redio. Kila siku au kila wiki unalipa kwa simu, boksi linafunguka. Usipolipa linajifunga lenyewe. Kwa mtu asiye na laki tatu taslimu ni mlango mzuri. Lakini chukua mfano tu wa hesabu: shilingi 500 kwa siku kwa miaka mitatu. Hiyo ni siku 1,095, jumla 547,500. Betri ikichoka mwezi wa 20, imebaki miezi 16. Kwa siku 30 kila mwezi, huyo mama anadaiwa shilingi 240,000 kwa ajili ya taa isiyowaka. Na akigoma kulipa, boksi linajifunga. Linajifunga! Betri imekufa halafu wanaifungia.

Niwe mkweli kwa sababu tukiwa waongo hatutofautiani na tunaowapinga. Kuna makampuni yanatoa waranti ya kipindi chote cha malipo na yanabadilisha betri. Hayo tuyasifu na tuwaambie watu wayachague. Lakini mteja atayatofautishaje na mengine? Waranti iko kwenye mkataba. Mkataba uko wapi? Mara nyingi uko kwenye simu ya wakala, umeandikwa Kiingereza, mteja anaambiwa "weka namba ya siri hapa". Waranti ya miaka miwili utaikuta pale juu, halafu chini kabisa kuna sentensi inayosema betri haimo, au imo kwa miezi kumi na miwili tu.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 13, inasema watu wamekubaliana pale wanapokubali jambo lilelile kwa maana ileile. Mimi nauliza, mkulima wa kabichi wa Lukozi na mkataba wa Kiingereza kwenye skrini ya simu ya mtu mwingine, wamekubaliana nini kwa maana ileile? Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na lugha ya mahakama. Hakimu anaongea Kiswahili, sheria zinatakiwa ziwe za Kiswahili, lakini mkataba wa taa ya chumbani uko Kiingereza. Hapo mahakama inaweza kukusikiliza, sisemi ni rahisi, nasema hoja ipo na ina miguu.

Wakili yuko mbali na ana bei yake, hilo nalijua. Lakini tangu 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, inayowatambua wasaidizi wa kisheria. Waulizieni kwenye kata zenu. Na madai madogo ya mkataba hayahitaji kwenda Tanga. Kinachohitajika ni ushahidi, maana Sheria ya Ushahidi inamtwika mzigo yule anayedai. Ukisema betri ilikufa mwezi wa 20, uonyeshe. Ndiyo maana nawaomba mwambieni kila mtu asifute ujumbe wa malipo kwenye simu. Wengi wanafuta ili simu isijae. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ujumbe wa namna hiyo kuwa ushahidi. Ule ujumbe wa kwanza kabisa wa kianzio ndio cheti cha kuzaliwa cha betri yako. Usipouona, huwezi kuthibitisha ina umri gani.

Simu ikijaa, andika namba za muamala kwenye daftari la shule la mtoto, ukurasa wa nyuma.

Kamanda mmoja aliniuliza jana, kwani si kuna fundi? Betri ikifa anaweka nyingine, maisha yanaendelea. Kweli, mafundi wetu wa Soni na wa hapa mjini ni hodari, wanafufua vitu ambavyo mwenye kiwanda mwenyewe angetupa. Lakini boksi la mkopo limefungwa kwa gundi na skrubu za ajabu. Ukilifungua umevunja waranti. Na mengine ukiweka betri nyingine hayaitambui. Kwa hiyo kilichokufa ni kitu kimoja ndani ya boksi, labda cha bei ndogo kuliko vyote, na kinaondoka na boksi zima.

Wenzetu wamelitambua hili. Umoja wa Ulaya una kanuni mpya ya betri ya mwaka 2023, na inasema kuanzia Februari 18, 2027, betri ndogo za ndani ya vifaa lazima mtumiaji mwenyewe aweze kuzitoa na kuweka nyingine, isipokuwa kwa vifaa vichache vilivyotajwa. Uingereza wamepiga marufuku sigara za kielektroniki za kutumia mara moja, kuanzia Juni 1, 2025. Moja ya sababu ilikuwa hii hii ya betri: mle ndani kuna lithiamu inayoweza kuchajiwa mamia ya mara, mtu anavuta siku mbili tatu anatupa. Kule ni starehe ya mvutaji, wakaona haiwezekani. Huku ni taa ya mtoto anayejiandaa na mtihani wa darasa la saba, na hakuna anayeona haraka.

Hatari yenyewe ni kwamba wakishafunga mlango Ulaya, kile kilichokataliwa kitatafuta soko. Tusipokuwa na kanuni yetu, soko ni sisi.

Na zikishakufa zinakwenda wapi? Betri ya risasi ina mnunuzi, vijana wa chuma chakavu wanaibeba, ingawa kabla ya hapo mara nyingine asidi inamwagwa chini. Hizi za lithiamu hazina mnunuzi huku kwetu. Ziko uvunguni, ziko kwenye mashimo ya taka, ziko mfereji unaopeleka maji kwenye bustani za karoti. Zikitobolewa au zikichomwa na takataka zinaweza kulipuka moto. Tangu 2021 tuna kanuni za taka za vifaa vya umeme na kielektroniki, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Kenya nao mwaka 2022 walitunga sheria ya taka inayomtaka mzalishaji awajibike kwa bidhaa yake mpaka mwisho wa maisha yake. Kanuni tunazo. Sasa niambieni, wilaya hii sanduku la kukusanyia betri zilizokufa liko wapi? Nimeuliza watu watatu wanaofanya kazi za mazingira, wote wamenipeleka kwa mwingine. Maji ya milima hii yanashuka mpaka mto Umba na mto Mkomazi, watu wa chini wanakunywa tulichokitupa huku juu.

Kwa hiyo tunataka nini? Sitaki tutoke hapa na azimio la kurasa nne ambalo hakuna atakayelisoma. Nina mambo matatu, na la kwanza ndilo kubwa.

Tunataka sheria au kanuni iseme wazi kwamba kifaa kinachouzwa kwa mkopo, betri yake iwe na waranti isiyopungua kipindi cha malipo. Kama unanidai miaka mitatu, niwekee betri ya miaka mitatu, au ibadilishe bure, au deni lisimame siku betri inapokufa. Kampuni zenye betri nzuri haziwezi kuogopa hilo, maana mizunguko 2,000 inafika miaka mitano. Zitakazolalamika zitakuwa zimejitaja zenyewe. Na wakisema bei itapanda, tuwajibu bei tayari imepanda, ila inalipwa gizani. Hili tuwape wabunge na madiwani wote, wa kwetu na wa kwao. Betri haina kadi ya chama.

Jingine, mkataba uwe wa Kiswahili, kwenye karatasi, nakala abaki nayo mteja, na uandikwe aina ya betri na idadi ya mizunguko. Mstari mmoja tu. Kwenye pakiti ya biskuti wanaandika sukari ni gramu ngapi.

La mwisho liko ndani ya uwezo wa halmashauri na halihitaji kusubiri Dodoma: mahali pa kukusanyia betri kwenye kila kata, na siku ya gulio mkaguzi apite. Bajeti ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko na kibao cha maelezo haiwezi kushindikana.

Mtu atasema hizo ni kazi za serikali, sisi ni upinzani. Sawa, lakini upinzani wenye kazi ni ule unaofika na takwimu zake mkononi. Hivi sasa diwani akisimama akisema "betri za sola zinakufa mapema Lushoto", ataulizwa, ngapi? Vitongoji gani? Baada ya miezi mingapi? Atakaa chini. Hakuna anayehesabu. Basi tuhesabu sisi.

Nimeongea na katibu, daftari liko pale mezani. Kila tawi litachukua kurasa zake. Utatembelea nyumba zenye sola kwenye kitongoji chako na kuandika vitu vitano: kifaa kilinunuliwa mwezi gani, betri ni ya volti ngapi, ni mkopo au taslimu, taa ilikuwa inawaka saa ngapi ilipokuwa mpya, na sasa inawaka saa ngapi. Kama imekufa, andika mwezi iliyokufa na kama deni lilikuwa limeisha. Usifungue boksi la mtu kutafuta volti, soma kibandiko cha nje, kisipokuwepo andika "hakipo", hilo nalo ni jibu. Usimwahidi mtu betri mpya. Usimwambie aache kulipa, maana akifungiwa wewe hutakuwepo usiku huo. Mwambie atunze ujumbe wake wa malipo.

Na jina la mwenye nyumba usiliandike kama hajakubali, wala namba yake ya simu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hatuwezi kwenda kudai haki za watu huku tukivunja nyingine njiani. Jina la kitongoji linatosha.

Tawi la Mlalo wameshachukua kurasa kumi, wanasema hazitawatosha. Bumbuli najua mna halmashauri yenu, mtaleta daftari lenu mkitaka, lakini betri ni zilezile. Maswali nitayapokea baada ya chai, na kama kuna fundi humu ndani tafadhali akae karibu yangu, yale ya waya nitampa yeye.